Mhakiki wa masafa mafupi

Tarehe 18 Novemba 1977, jijini Paris, wanaume wawili walimvizia mama mmoja nje ya nyumba yake, wakampiga mpaka akazirai. Siku ya pili yake alikuwa anatimiza miaka 54. Kazi yake ilikuwa kuhakiki vitabu.

Nikifika hapo darasani, hata wale wa viti vya nyuma huinua vichwa. Wamezoea kudhani kwamba uhakiki ni zile kurasa za kukariri usiku wa kuamkia mtihani: fani, maudhui, dhamira, basi. Nani atume watu wakampige mhakiki?

Mama huyo ni Monica Lovinescu, Mromania. Ion Mihai Pacepa, jenerali wa ujasusi wa Romania aliyetorokea Marekani mwaka 1978, aliandika baadaye kwamba amri ilitoka kwa dikteta wa nchi hiyo, Nicolae Ceaușescu mwenyewe: Monica asiuawe, ila aharibiwe kiasi cha kutoweza tena kusema wala kuandika. Monica alipopata nafuu alirudi kwenye maikrofoni ya redio, alikokuwa akihakiki vitabu.

Binti huyu haeleweki bila baba. Eugen Lovinescu alikuwa mhakiki mwenye sauti kubwa kati ya vita viwili vya dunia. Waandishi walikusanyika nyumbani kwake Bucharest kusomeana kazi zao, na duru hiyo, pamoja na jarida lake, iliitwa Sburătorul. Msimamo wake ulikuwa huu: shairi lipimwe kama shairi. Usiliulize limelifaidia nini taifa, wala kama linaweza kusomwa kanisani. Kwetu sisi, ambako maudhui hupewa kiti cha mbele na fani ikakaa mkekani, mzee huyu angeonekana mkaidi. Kwao alikuwa mkombozi. Alifariki mwaka 1943, akakosa kuona wakomunisti wakishika dola na kuwaamuru waandishi wote wafuate uhalisia wa kijamaa, yaani riwaya za wakulima wenye furaha na matrekta yasiyoharibika.

Monica aliondoka Septemba 1947 kwa ufadhili wa masomo wa serikali ya Ufaransa. Kufikia mwisho wa mwaka Mfalme Mihai alikuwa ameshalazimishwa kuachia kiti, na mapema 1948 Monica akaomba hifadhi ya kisiasa. Mama yake, Ecaterina Bălăcioiu, mwalimu wa Kifaransa, alibaki Bucharest. Wakawa wanaandikiana.

Mwaka 1958 Securitate, polisi wa siri, walimkamata mama huyo akiwa na miaka zaidi ya 70. Walimwekea masharti: amshawishi bintiye ashirikiane nao, naye atatolewa. Alikataa. Akanyimwa matibabu, na mwaka 1960 akafia gerezani. Mimi nimesoma nadharia nyingi za uhusiano wa fasihi na siasa, na nyingine nazifundisha mpaka leo, lakini hakuna iliyonieleza jambo hili kama uamuzi wa ajuza yule mbele ya afisa wa upelelezi.

Tangu 1962 sauti ya Monica ilianza kusikika Radio Free Europe, idhaa ya Kimarekani iliyowatangazia watu wa Ulaya ya Mashariki. Makao ya idhaa yalikuwa Munich, ila yeye alitengeneza vipindi vyake Paris. Viwili ndivyo vilivyompa jina: kimoja kikihusu sanaa na mawazo yaliyokuwa yakivuma Paris, kingine kikifuatilia utamaduni wa Romania yenyewe. Mumewe, Virgil Ierunca, naye alikuwa mhakiki na mtangazaji. Wawili hao walisoma riwaya, mashairi na magazeti ya fasihi yaliyotoka nyumbani, na waandishi wengi waliopata ruhusa ya kusafiri walipita kwao, wengine kwa kujificha.

Mwaka 1963 Romania iliacha kuvuruga mawimbi ya idhaa za nje, kwa hiyo redio ilisikika. Hatari ilikuwa ukutani, kwa jirani mwenye masikio marefu. Watu waliinamia redio, sauti chini. Waliokulia katika nyumba zenye redio ya masafa mafupi, ile inayokoroma mpaka mzee aizungushe kidogo kidogo, wanaweza kuipata picha. Tofauti ni kwamba hawa walikuwa wakisubiri kusikia kama riwaya fulani ni nzuri au ni upuuzi. Mhakiki wa ndani asingeweza kuandika waziwazi kwamba kitabu kimekatwakatwa na wadhibiti, au kwamba mwandishi mwenye tuzo zote ni kipaza sauti cha chama. Yeye aliyasema, akataja na majina. Mwandishi Paul Goma alipokamatwa mwaka 1977 kwa kudai haki za binadamu, ni idhaa hiyohiyo iliyolifanya jina lake lisizimike. Monica alipigwa siku chache tu kabla Goma hajawasili Paris kama mkimbizi. Na usidhani serikali iliishia kuogopa redio. Mwaka 1983 ilitoa amri kila taipureta isajiliwe polisi.

Monica ndiye aliyeunda neno ambalo siwezi kulitafsiri bila kulivunja. Kwa Kiromania, ujumi, elimu ya uzuri katika sanaa, ni estetica. Yeye aliliwekea kistari katikati: est-etica. Est ni mashariki. Etica ni maadili. Kwa kistari kimoja akawa amesema kwamba katika Ulaya ya Mashariki, chini ya udikteta, huwezi kuutenga uzuri wa kazi na uadilifu wa aliyeiandika. Sentensi tamu inayomtukuza muuaji ina doa ambalo utamu wake hauwezi kulifuta.

Baba angesemaje? Swali hili limenishughulisha miaka mingi, kwa sababu wahakiki waliobaki nchini walikuwa wakiitumia kanuni ileile ya baba kama ngao. Nicolae Manolescu, aliyeandika safu ya uhakiki katika gazeti la fasihi România literară kwa miaka mingi, alishikilia kigezo cha uzuri, na kushikilia hivyo kulikuwa ukaidi wa kisiasa: chama kilidai riwaya zisifiwe kwa itikadi, yeye akauliza kama zimeandikwa vizuri. Shairi lipimwe kama shairi. Maneno yaliyokuwa ya mtu wa faragha na vitabu vyake yakageuka silaha ya watu wasio na silaha.

Zamani nilikuwa upande wa binti moja kwa moja. Siku hizi nasita kidogo. Ukiwa Paris unaweza kudai maadili kwa sauti kubwa, hata kama sauti hiyo utailipia kwa damu. Ukiwa Bucharest, na gazeti lako linasomwa na mdhibiti kabla halijachapwa, kusema tu kwamba kitabu cha mkubwa ni kibovu kisanaa ni kazi nzito. Ila Monica aliona jambo ambalo wenzake hawakupenda kuliona: ngao hiyo ilikuwa pia mlango wa nyuma. Mtu angeweza kukaa kimya kuhusu magereza maisha yake yote, kisha ajitetee kwamba yeye alishughulikia uzuri tu.

Baada ya utawala wa Ceaușescu kuanguka mwaka 1989, ugomvi ulilipuka hadharani. Monica alitaka waandishi waliopewa ukubwa na utawala wapimwe upya. Mhakiki Eugen Simion na wengine wakaona hiyo ni kuipeleka fasihi mahakamani. Neno walilogombania, revizuiri, yaani kuzipima upya thamani za kifasihi, lilikuwa la Eugen Lovinescu. Binti alikuwa analitumia dhidi ya watu waliojiita wanafunzi wa baba yake.

Mazungumzo yake ya redio yalikusanywa katika vitabu vinavyoitwa Unde scurte, Masafa Mafupi. Cha kwanza kilichapwa Madrid mwaka 1978, na vilichapwa Bucharest baada tu ya utawala kuanguka. Niseme kweli, vinachosha ukivisoma mfululizo. Viliandikwa kwa ajili ya sikio, vinarudia, na baadhi ya waandishi anaowachapa bakora hakuna anayewakumbuka tena. Monica alifariki Aprili 2008 huko Paris. Anayejua Kiromania na anataka kumfahamu, asianze na vitabu hivyo. Aanze na barua alizoandikiwa na mama yake, ambazo nazo zimeshachapwa.