Maji yanachemka kwa nyuzi ngapi? Inategemea uko wapi

Juzi kijana wa kidato cha sita aliniletea daftari lake la kemia. Alitakiwa kukokotoa kiwango cha kuchemka cha maji kwa entalpi, yaani joto la kugeuza maji kuwa mvuke, na entropi, ambayo nitaieleza chini. Akapata kelvini 370, yaani nyuzi 97, akaifuta, akaandika 373, "maana maji yanachemka kwa 100". Hesabu aliyoifuta ilikuwa sahihi. Iliniuma, kwa sababu sentensi hiyo ya 100 naisikia kila mahali kana kwamba namba imo ndani ya maji.

Kimiminika huchemka pale kanieneo (msukumo kwenye kila eneo) ya mvuke wake inapolingana na kanieneo ya hewa inayokikandamiza. Maana yote ni hiyo.

Tazama sufuria jikoni. Vipovu vya kwanza vinavyong'ang'ania pembeni ni hewa iliyokuwa imeyeyuka majini, hapo bado. Kisha sufuria inavuma: mapovu yanazaliwa chini, yakipanda yanakutana na maji yasiyopata moto wa kutosha, yanasinyaa. Yakianza kufika juu mazima na kupasuka, maji yanatokota. Ndani ya mapovu hayo mna mvuke wa maji yenyewe, na haubonyei kwa sababu unasukuma sawa na hewa ya nje inavyosukuma. Hewa ikipungua nguvu, mvuke hauhitaji joto jingi. Ndiyo maana Dar es Salaam unapata karibu 100, Nairobi kama 94, na kileleni Kilimanjaro, mita 5,895, kama 81. Maharage ya huko juu hayaivi hata ukichochea kuni namna gani, kwa kuwa maji yanayotokota hayapandi joto tena.

Sasa hesabu. Neno entropi lilibuniwa na Rudolf Clausius mwaka 1865 kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mgeuko, akilifananisha kwa makusudi na neno la Ulaya la nishati. Darasani wengi hulitafsiri "vurugu", na tafsiri hiyo inawapoteza wanafunzi. Clausius alikuwa anagawanya: joto lililoingia, kwa kelvini lililoingilia. Ukishajua hivyo, fomula haina muujiza. Joto la kugeuza moli moja ya maji (gramu 18 hivi) kuwa mvuke, ukiligawanya kwa entropi iliyoongezeka, linakurudishia kelvini. Kwa majedwali ya shule ni juli 44,000 kugawanya kwa juli 118.9 kwa kila kelvini, jibu kelvini 370.

Nyuzi tatu zimepotelea wapi? Majedwali yale ni ya nyuzi 25, na maji yanapokaribia kuchemka joto hilo hushuka hadi juli 40,700 hivi, entropi nayo ikashuka hadi 109. Gawanya hizo, utapata 373. Ila hapo umezunguka mti, kwani hiyo 109 kwa kawaida hupatikana kwa kugawanya kwa 373 yenyewe. Jibu la 370 ni makadirio ya haki, yaliyofanywa bila kuchungulia jibu.

Kwa hiyo, mwanangu, irudishe 370 yako. Pembeni yake andika "kwa takwimu za nyuzi 25, kwa kanieneo ya bar 1", bar 1 ikiwa karibu sawa na kanieneo ya hewa ya usawa wa bahari. Kwa bar 1 kamili, hata maji ya maabara huchemka kwa 99.6.