Bayogesi si gesi asilia

Bayogesi ni mchanganyiko wa gesi unaotokea pale bakteria wanapomeng'enya mabaki ya viumbe hai mahali pasipo na oksijeni. Kwenye mtambo wa kusafisha majitaka kinachomeng'enywa ni tope lililotuama, ambalo huwekwa katika tangi lililofungwa, lenye joto la nyuzi 35 hivi, kwa muda wa wiki mbili hadi nne, na gesi inayokusanyika juu yake huendesha jenereta. Maana yenyewe inaishia hapo.

Kinachoudhi ni mazoea ya hapa Dar es Salaam ya kuiita gesi hiyo gesi asilia, kwa hoja kwamba nayo imetokana na asili. Tangu gesi ya Songo Songo ianze kuzalisha umeme Ubungo mwaka 2004, jina hilo tunalitumia kwa gesi inayochimbwa kutoka kwenye miamba, ambako imekaa mamilioni ya miaka. Ni kweli kwamba zote mbili huwaka kwa sababu ya methani, na kwamba methani ni ileile popote ilipo. Tofauti iko kwenye kaboni iliyomo. Kaboni ya Songo Songo ilikuwa imefungiwa ardhini, hivyo kuichoma ni kuongeza hewa ukaa ambayo angani haikuwepo. Kaboni ya tope ilikuwa hewani juzi tu, ikafyonzwa na mpunga na mahindi, tukaila, ikaishia chooni, na kuichoma ni kuirudisha ilikotoka. Kwa sababu hiyo bayogesi huhesabiwa kuwa nishati jadidifu, wala si kwa sababu ni safi zaidi. Ikiwa ghafi ni chafu kupita gesi asilia inayofika kwetu kwa bomba: methani ni takribani asilimia 60 tu, inayobaki karibu yote ni hewa ukaa, na imo haidrojeni salfaidi, yenye harufu ya mayai viza, ambayo hula vyuma vya injini isipoondolewa kwanza.

Wapo pia wanaosema kwamba mabwawa ya majitaka, kama yale ya Vingunguti, yanazalisha nishati kwa kuwa yanatoa mapovu. Methani inayopotea kutoka bwawa la wazi ni uchafuzi, tena wenye nguvu ya kuongeza joto duniani takribani mara 28 ya hewa ukaa kwa kipindi cha miaka 100. Huwa nishati pale tu inapofunikwa, ikakusanywa na kuchomwa, na hata hapo umeme wake kwa kawaida huishia kwenye pampu na vipuliza hewa vya mtambo wenyewe. Mtambo wa Strass, nchini Austria, umepata sifa kwa sababu huzalisha zaidi ya unachotumia.

Kwa hiyo, mwenzetu akisema kwamba majitaka yanaweza kutupatia gesi asilia, si vibaya kumweleza kwa upole kwamba anayoikusudia ni bayogesi, na kwamba mtungi ulioko jikoni kwake hauna gesi yoyote kati ya hizo mbili, kwani umejazwa propani na butani.