Mwanafunzi wa Jioni na Kalenda Zake Mbili

Nawashauri wanafunzi wa masomo ya jioni hapa Dar es Salaam, karibu wote wakiwa waajiriwa, na kama kuna kauli ambayo ningeipiga marufuku katika wiki ya utambulisho ni hii: kwamba kazi na chuo vinawezekana, mradi mtu ajue kupanga muda. Muhula huu nimeisikia tena kutoka kwa mwanafunzi mwenye sapu (mitihani ya marudio) kadhaa na ratiba iliyopakwa rangi, ambaye alikuwa ameshajitia hatiani kabla sijafungua faili lake.

Kinachoniudhi ni kwamba kwenye karatasi kauli hiyo ina ukweli. Krediti 120 za mwaka, yaani vipimo vya uzito wa masomo, kwa saa 10 za kujifunza kila moja, ni saa 1,200. Ukizigawa kwa mihula miwili ya wiki 17 unapata takribani saa 35 kwa wiki. Ongeza saa 45, ambazo ndizo ukomo wa saa za kawaida za kazi kwa mujibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, unafika 80. Wiki ina saa 168. Ukilala saa saba kila usiku, bado unabakiwa na 39 za foleni, ibada, familia na kufua. Hesabu inakubali, kwa hiyo anayefeli huonekana mvivu.

Hesabu hiyo ni ya wiki ya wastani, na mwajiriwa haishi katika wiki ya wastani. Chukua msaidizi wa mhasibu katika kampuni ndogo ya Kariakoo: mwisho wa mwezi anafunga vitabu, kufikia tarehe 7 kodi ya mishahara iwe imewasilishwa, kufikia tarehe 20 ritani ya kodi ya ongezeko la thamani iwe imetumwa. Mhadhiri naye, bila ubaya wowote, anapanga testi tarehe 19 jioni. Ratiba ya rangi haina msaada hapo, kwa sababu haikuonyesha kwamba Jumatano hii si sawa na Jumatano iliyopita. Mtumishi wa serikali ana mgongano mkubwa zaidi: mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30 Juni, na mitihani ya muhula wa pili mara nyingi huangukia Juni au Julai. Muuguzi anategemea rota ya wodi, ambayo hubadilika mwenzake mmoja tu akiugua.

Ndiyo maana wengi wa wanafunzi wangu hawaangushwi na mtihani wa mwisho. Huangushwa na kozwaki, yaani testi na kazi za muhula kabla ya mtihani huo. Pale ambapo kozwaki ina alama 40 na mtihani 60, aliyekosa testi mbili huingia chumba cha mtihani akiwa tayari ameshindwa nusu, na kubanwa na kazi kwa kawaida si sababu ya kupewa testi maalumu. Kwa hiyo, kabla mtu hajasajili masomo, namtaka aweke almanaka ya chuo na kalenda ya kazini kwake juu ya meza moja, atie alama kila zinapogongana, kisha aniambie ni kipi kati ya viwili kinaweza kusogezwa. Mara nyingi ni somo moja la hiari, ambalo linaweza kusubiri mwaka ujao.

Hapa ndipo likizo huingia, na ndipo wengi hukosea. Siku 28 za likizo ya mwaka ni siku za mfululizo: Jumamosi, Jumapili na sikukuu zinazoangukia ndani yake zimo. Mtu anayehesabu siku za kazi pekee hujikuta anatakiwa kuripoti kazini katikati ya mitihani. Isitoshe, mwajiri ana haki ya kupanga wakati wa kuitoa, hivyo ombi la likizo ya Juni linafaa kuandikwa Januari, likiwa na nakala ya almanaka. Kuhusu saa za ziada nitasema kwa ufupi: zinahitaji makubaliano, na hazipaswi kuzidi 50 katika wiki nne.

Wapo wanaoniambia watahamia Chuo Kikuu Huria ili waepuke haya yote. Ni chuo kizuri kwa mtu anayejisukuma mwenyewe, lakini tarehe za mitihani zipo huko pia.

Yapo mambo mawili yanayonitia mashaka. La kwanza ni huu ushauri wangu wa kupunguza mzigo: baadhi ya walioahirisha masomo kwa utaratibu unaokubalika hawakurudi tena, na sijui kama niliwaokoa wasidisko (wasiondolewe chuoni kwa kufeli) au niliwafungulia mlango wa kutokea. La pili ni kumwambia bosi. Zamani nilisisitiza kwamba afahamishwe mapema, kwa barua. Siku hizi namuuliza mwanafunzi kwanza bosi wake ni mtu wa namna gani, kwa maana wapo wanaofurahi kuwa na msaidizi msomi, na wapo wanaoanza siku hiyohiyo kutafuta mtu wa kujaza nafasi yake. Kwa mwenye mkataba wa miezi sita, sina jibu la jumla. Tunasoma mkataba wake pamoja, kifungu kwa kifungu, na wakati mwingine tunakubaliana kwamba anyamaze mpaka uhuishwe.