Jivu la volkano: kwa nini ndege inazungushwa

Ukisikia safari imefutwa kisa jivu la volkano iliyolipuka nchi nyingine kabisa, usifikirie jivu la jikoni lile ukipuliza linapeperuka. Hili ni mawe na vioo vilivyosagika, punje ndogo zenye ncha, na balaa lake liko ndani ya injini: punje hizo zinaanza kuyeyuka kwenye nyuzijoto kama 1,100 hivi na moto wa injini ya jeti unazidi hapo, kwa hiyo linaingia jivu linageuka uji, likifika kwenye mapangaboi ya nyuma linaganda kama ukoko wa sufuria, hewa haipiti vizuri, injini inazima.

Na hii ilishatokea. Usiku wa tarehe 24 Juni 1982 Boeing 747 ya British Airways ilikuwa imetoka Kuala Lumpur inaenda Perth, ikaingia kwenye jivu la mlima Galunggung pale Java, injini zote nne zikazima. Zote! Kutoka futi 37,000 ikawa inashuka tu bila injini, mpaka kwenye futi 13,000 hivi ndo zikaanza kuwaka tena maana ule ukoko ulipoa ukabanduka. Kapteni Eric Moody akatua Jakarta huku anachungulia kwa pembeni, kioo cha mbele kilikuwa kama kimepigwa msasa.

Sasa cha kushangaza, rada ya ndege haikuwaonyesha kitu. Rada ile inaona matone ya mvua, jivu ni kavu na punje zake ni ndogo mno, na usiku ndo kabisa huoni kwa macho. Ndo maana kukwepa jivu ni kazi inayofanyika chini kabla ndege haijaruka, sio rubani aje ajitegemee huko juu.

Inafanyikaje? Dunia imegawiwa vituo 9 vya kufuatilia jivu, sehemu kubwa ya Afrika iko chini ya kile cha Toulouse, Ufaransa. Wanachukua picha za satelaiti na upepo wa kila kimo halafu wanachora wingu lilipo sasa hivi na litakapokuwa baada ya saa 6, 12 na 18. Dispacha, yule wa ofisini anayepanga ruti, anaweka mchoro huo juu ya njia yake anaangalia wapi vinagongana.

Mfano wa jirani ni Hayli Gubbi, Ethiopia, tarehe 23 Novemba 2025. Jivu lilipanda kama kilomita 14, likavuka Bahari ya Shamu, likapita Yemen na Oman, kesho yake usiku liko Delhi, na mashirika ya India yakafuta safari. Watu wanauliza si wapite juu yake, wapite juu wapi sasa, kilomita 14 ni kama futi 46,000 na ndege nyingi za abiria mwisho wao ni 41,000 hivi. Chini nako mafuta yanaliwa sana na jivu lenyewe linadondokea huko. Inabaki kuzunguka, tena ikiwezekana upande upepo unakotokea, ila kuzunguka ni mafuta ya ziada, kiwanja mbadala ambacho nacho hakina jivu, na marubani wasizidishe masaa. Hesabu ikigoma mnalala airport.

Zamani kwa Ulaya jivu lolote lilikuwa marufuku, ndo maana Aprili 2010 Eyjafjallajökull ya Iceland ilifunga anga lao karibu wiki nzima na maua ya Naivasha, Kenya, yaliyokuwa yapelekwe huko kwa ndege yakaozea stoo. Baada ya hapo wakaanza kupima wingi wake, miligramu 2 kwa mita moja ya ujazo ukawa mstari wa kwanza wa tahadhari.

Na rubani akijikuta ameshaingia, kuna harufu ya kiberiti ndani na cheche za buluu kwenye kioo, haongezi moto apande. Anapunguza nguvu ya injini ili ndani kupoe, anageuza anarudi alikotoka.