Je, wajua kwa nini mtoto aliyekimbia vita huchora kasuku?

Kwa Kiswahili, mwewe ni ndege na kinachodondosha mabomu ni ndege. Wazee wa Mwanza walizijua ndege zote mbili. Mwishoni mwa Machi 1979, ndege ya kivita ya Libya, iliyokuwa upande wa Idi Amin, ilikuja kulipua bohari ya mafuta ya mjini. Ikakosa shabaha. Makombora yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua wanyamapori waliotunzwa pale.

Nimeyakumbuka hayo kwa sababu ya kazi ya Petrit Halilaj, msanii wa Kosovo aliyezaliwa 1986. Vita vilipofika kwao Runik, nyumba yao ilichomwa moto. Mwaka 1999, akiwa na miaka 13, alikuwa kwenye kambi ya wakimbizi ya Kukës, Albania, ambako mwanasaikolojia kutoka Italia aliwapa watoto kalamu za rangi. Akachora askari na nyumba zinazoungua. Akachora pia ndege wenye manyoya ya kupendeza, na miti ya nchi za joto ambazo hakuwahi kufika.

Mwaka 2021, zaidi ya miaka 20 baadaye, aliikuza michoro hiyo, akaikata vipande na kuvining'iniza kutoka darini katika jumba la sanaa la Tate, St Ives, Uingereza. Watu walipita katikati yake. Ukiingia, uliona ndege na miti, bustani tupu. Ukifika mwisho ukageuka, ulikuta kumbe migongoni mwa vipande vilevile kulikuwa na askari na moto.

Kwa nini asiutenge uzuri na vita, kila kimoja chumba chake? Mimi naona ni kwa sababu mtoto hakuviishi vikiwa mbalimbali. Siku ya kukimbia ilikuwa pia siku ya uji na ya kuchezea uani. Mtu mzima ndiye anayekuja baadaye kupanga: hii historia, haya mambo ya kitoto.

Jirani yangu hapa Kirumba alivuka Mto Kagera mwaka 1978, ana miaka sita, ameshika kanga ya mama yake, kabla daraja la Kyaka halijalipuliwa. Ukimuuliza habari za vita hataji bunduki. Anataja tetea. "Tulimwacha anaatamia," husema, na hapo hunyamaza. Halilaj naye, mwaka 2010 kule Berlin, alisimamisha ukumbini kiunzi cha mbao zilizotumika kujengea nyumba mpya ya familia yake, akaachia kuku hai wazurure humo. Nani angekumbuka kuku, kama si aliyekuwa mtoto?

Nilimwonyesha jirani picha za ile michoro kwenye simu. Aliwatazama wale ndege kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kama ninayo iliyopigwa kwa nyuma.