Gari Lisilowaka Lipimwe Kabla ya Kununua Betri

Kufuatia malalamiko ya wamiliki wa magari mkoani Mtwara kwamba betri mpya hazidumu, karakana yetu inapenda kufafanua namna ya kubaini chanzo cha gari kutowaka, kwa kuwa si mara chache betri inayolalamikiwa kuwa ni bandia hupimwa hapa na kuonekana nzima.

Stata ikizungusha injini kwa kasi yake ya kawaida na gari lisiwake, betri iachwe. Uchunguzi uelekezwe kwenye pampu ya mafuta, fyuzi, koili na plagi. Stata isipozungusha kabisa, au ikigonga tu huku taa za dashibodi zikififia, ndipo umeme wa betri unapohusika, na hata hapo vipimo vitangulie fedha. Betri ya volti 12 iliyojaa, gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa, husoma takriban volti 12.6, na ikisoma chini ya 12 imeishiwa chaji. Injini ikishawaka, kipimo kiwe kati ya volti 13.5 na 14.7 hivi; kikibaki palepale pa mwanzo, altaneta, yaani mtambo unaochaji betri injini ikiwaka, haichaji, na betri mpya itaisha kama iliyotangulia.

Kwa wakazi wa Shangani, Mikindani na maeneo mengine ya pwani, hewa ya chumvi huharakisha kutu, na unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri unaweza kuzuia umeme wa kutosha kufika kwenye stata ingawa betri yenyewe inasoma vizuri. Waya wa hasi hufunguliwa kwanza, kisha wa chanya. Vichwa husuguliwa kwa brashi ya waya na kukaushwa, halafu wa chanya hurudishwa kwanza na wa hasi mwisho. Waya wa hasi ukaguliwe pia pale unapofungwa kwenye bodi ya gari, mahali ambapo mafundi wengi hawapatazami. Kumwagia soda vichwa hivyo si matengenezo, na tumekwisha kulisema hili mara nyingi.

Gari la otomatiki halipigi stata gia ikiwa kwenye D au R. Halisukumwi ili liwake, hata wakiitwa vijana wa mtaa mzima. Wakati wa kubusti, yaani kuliwasha gari kwa betri ya gari jingine, waya mwekundu huunganisha chanya kwa chanya, na ncha ya mwisho ya waya mweusi hufungwa kwenye chuma kitupu cha injini ya gari bovu, mbali na betri. Atakayegeuza waya anaweza kuunguza altaneta na kompyuta ya gari.

Dereva ambaye gari limemzimikia barabarani, kwa mfano kati ya Mtwara na Lindi, anatakiwa kulitoa njiani na kuweka pembetatu za tahadhari kabla ya kufungua boneti. Makosa ya usalama barabarani kwa gari hutozwa faini papo kwa hapo, na kuharibikiwa si kinga dhidi ya tozo hiyo.

Anayehitaji vipimo alete gari zima, hata kwa kuvutwa, pamoja na kadi ya gari na risiti ya betri. Fomu ya mapokezi husainiwa kabla boneti haijafunguliwa. Betri iliyong'olewa na kuletwa kwa bodaboda itapimwa, lakini haitatueleza lolote kuhusu altaneta wala waya wa hasi uliobaki nyumbani.