"Ulaya wanakanyaga tu, sisi ndo tunaonewa na tochi": dhana potofu kuhusu spidi na ukweli wake

Kila nikirudi likizo nyumbani, haziishi siku mbili lazima mtu aniulize, eti Ujerumani hakuna limit, mnakanyaga tu mnavyotaka? Safari hii aliyeuliza ni mjomba wangu, tena yeye ndo ameshika usukani, tumeshaiacha Segera tunaitafuta Korogwe, mshale unacheza kwenye 120, na pembeni kuna watu wanauza machungwa na watoto wametoka shule wanatembea ukingoni mwa lami. Nikamwambia mjomba punguza kidogo. Akacheka, "aah mjomba, wewe wa kutoka Ujerumani ndo unaogopa?"

Kule naendesha gari la vifurushi, mwaka wa sita huu, kutwa nzima niko barabarani. Naandika haya kwa sababu mengi tunayoaminishana kuhusu spidi na kuhusu wenzetu wa nje sio kweli, na yanatumaliza.

Dhana: Ujerumani hakuna limit

Ipo, na ipo karibu kila mahali. Mjini ni 50, mitaa mingi ya makazi ni 30, barabara za kawaida nje ya mji mwisho 100 kwa gari dogo, lori ni 80 hata likiwa kwenye Autobahn, yaani zile barabara zao kuu za mwendo kasi. Kinachovuma huku kwetu ni hiyo Autobahn tu, na ni kweli sehemu yake kubwa haina kikomo cha kudumu, ila tangu 1978 kuna 130 ya ushauri, na ukiwa juu ya hapo ikatokea ajali unaweza kubebeshwa sehemu ya hasara hata kama aliyeanza kosa ni mwenzako.

Afu angalia hiyo barabara yenyewe ilivyo. Hakuna mtu anayetembea kwa miguu, hakuna baiskeli, hakuna ng'ombe, hakuna mama na beseni la ndizi, magari yanayokuja yako upande wao na katikati kuna chuma au ukuta, na kuovateki ni kushoto tu (kule wanaendesha kulia), ukimpita mtu upande mwingine ni kosa. Sasa unachukua barabara ya njia mbili inayopita katikati ya vijiji, unailinganisha na hiyo? Ya kulinganisha na ya kwetu ni zile barabara zao za kawaida za nje ya mji, na huko ndo Wajerumani wengi wanakofia, zaidi ya nusu ya vifo vyao vyote, sio kwenye Autobahn.

Na hiyo 50 ya mjini sio pambo. Mwaka wangu wa pili nilipita mtaa mmoja asubuhi nikiwa na vifurushi vingi, sikuona kitu zaidi ya mwanga mwekundu kidogo kama wa simu. Baada ya wiki mbili tatu ikaja bahasha. Ndani kuna picha ya uso wangu, nyeusi na nyeupe, mikono yote miwili kwenye usukani, mashine imesoma 61, wametoa 3 za kulinda makosa ya mashine, nimehesabiwa 58, lipa yuro 30. Basi. Hakuna wa kumwambia mkubwa tuelewane, hakuna wa kumpigia simu, ni karatasi na namba ya akaunti. Kesho yake nilipita mtaa ule na 48, na mpaka leo nikifika pale mguu wenyewe unanyanyuka.

Dhana: Wazungu wamezaliwa na nidhamu, Mwafrika hawezi

Hii ndo inayoniuma kuliko zote, maana tunajitukana wenyewe kisha tunakaa kimya tukidhani jambo limeisha.

Mwaka 1970 Ujerumani zote mbili kwa pamoja zilizika watu zaidi ya 21,000 waliokufa barabarani ndani ya mwaka mmoja. Siku hizi ni chini ya 3,000, na magari yameongezeka mara nyingi. Damu yao haijabadilika, kilichobadilika ni sheria na usimamizi. Chukua mkanda: Ujerumani Magharibi ilianza kulazimisha kufunga mkanda mwaka 1976 lakini bila faini, watu wakawa wanafunga wakijisikia, wengine wakilalamika kwamba unawabana, serikali inawaingilia, mkanda wenyewe utakunasa gari likiwaka moto. Yaani maneno yaleyale ya abiria wa Ubungo. Mwaka 1984 ikawekwa faini, na ghafla zaidi ya asilimia 90 wakawa wanafunga.

Ufaransa ndo usiseme. Mwaka 1972 walikufa watu zaidi ya 16,000. Kulikuwa na mji mdogo kusini unaitwa Mazamet, idadi ya watu wake ilikaribia sana hiyo ya marehemu, sasa tarehe 17 Mei 1973 watu wa mji ule wakatoka majumbani, kazini, shuleni, wakalala chini barabarani, wazee kwa watoto, wakatulia kama maiti, na televisheni ikarusha nchi nzima ili kila mtu aone kwa macho yake ule mwaka mmoja ulikula watu wangapi. Mji mzima umelala kwenye lami! Mwaka huohuo Ufaransa ikalazimisha mkanda kwa wanaokaa mbele nje ya miji na ikaweka limit kwenye barabara zake.

Uholanzi tunaijua kwa baiskeli, watu wanadhani imekuwa hivo tangu Nabii Nuhu. Mwaka 1971 walikufa watu zaidi ya 3,000, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Wazazi wakachoka. Wakaandamana chini ya jina ambalo kwa Kiswahili ni "Acheni kuua watoto", wakafunga mitaa, watoto wenyewe wakaweka vizuizi ili wapate pa kucheza, madereva wanapiga honi na kutukana. Mitaa ya polepole na njia za baiskeli unazoziona kwenye picha leo ni matunda ya ule ugomvi.

Na kunung'unika hakujaisha. Ufaransa iliposhusha limit ya barabara za njia mbili kutoka 90 hadi 80 mwaka 2018, kisha yakaja maandamano ya watu waliovaa vizibao vya njano, kamera ziliharibiwa kwa maelfu, zinachomwa moto, zinapakwa rangi. Wazungu haohao wenye nidhamu.

Dhana: Gari langu lina breki nzuri na mimi ni mzoefu

Hapa naomba usome polepole. Magari mawili, breki sawa, tairi sawa, lami kavu, madereva wote wako makini wanachukua sekunde moja tu kukanyaga breki baada ya kumwona mtoto ameingia barabarani. La kwanza lina 80, linasimama baada ya mita kama 57. La pili lina 100. Pale pale lile la kwanza liliposimama kabisa, hili la pili bado linatembea karibu 68 kwa saa. Sio kwamba litamgusa kidogo kwa sababu limezidi kidogo, litampiga kwa 68.

Sababu ni kwamba nguvu ya gari haipandi sambamba na spidi, inapanda kwa mraba, spidi ikizidi mara mbili nguvu inazidi mara nne, na breki ndo zinatakiwa zimeze yote hiyo. Uzoefu unakusaidia kuona hatari mapema, ila ukishakanyaga breki uzoefu wako haupo tena kwenye hesabu, kinachobaki ni spidi, breki, tairi na lami. Na mwili wa binadamu una kipimo chake, Shirika la Afya Duniani linasema hatari ya mtembea kwa miguu kufa akigongwa kwa 65 ni kama mara nne na nusu ya akigongwa kwa 50. Tofauti ni 15 tu. Ni ile 15 ambayo dereva anakwambia "si nimezidisha kidogo tu".

Dhana: Nakimbiza ili niwahi

Kilomita 100 kwa 80 ni dakika 75. Kwa 100 ni saa moja. Kwa 120, ambayo huwezi kuishikilia mfululizo kwenye barabara zetu za malori na matuta, ni dakika 50. Mwaka juzi nilipanda basi kwenda Moshi, tukapitwa na lingine maeneo ya Mombo kwa fujo kabisa, vijana nyuma wakaanza kelele "suka tunalala humu, kanyaga!", bahati nzuri kuna mama mmoja wa makamo akasimama akasema kwa sauti, "dereva mwanangu, mimi nina wajukuu, nenda hivohivo." Tumefika stendi Moshi, lile basi lililotupita lipo, bado konda anashusha magunia kwenye buti.

Dhana: Tochi na kamera ni za kukusanya hela

Nitakuwa mkweli, kujificha kwenye kichaka na tochi ya kupimia spidi kisha mambo yakamalizwa pembeni bila risiti kunaua imani ya watu, na dereva aliyelipa njia hiyo hajifunzi chochote zaidi ya bei. Hilo lirekebishwe. Lakini haliondoi ukweli kwamba spidi ikipimwa watu wanapona. Shirika la Afya Duniani linasema wastani wa spidi ukipanda kwa asilimia 1 tu, hatari ya ajali ya kuua inapanda kwa asilimia 4. Ufaransa ilianza kufunga kamera za kudumu mwaka 2003, na vifo vilivyokuwa zaidi ya 7,000 mwaka 2002 vikashuka chini ya 4,000 kufikia 2010, sio kamera peke yake, ila kamera ilikuwa mkono mkubwa. Rwanda hapo jirani nao wamezifunga, wenyewe wanaziita Sofia, na dereva wa Kigali anakutajia Sofia zilipo kama anavyotaja ndugu zake.

Ufini wao faini ya spidi kubwa inafuata kipato chako. Mwaka 2023 tajiri mmoja wa visiwa vya Åland alikuwa na 82 kwenye 50, akalipishwa yuro 121,000. Mimi naona hiyo ni haki, maana faini ileile kwa mwenye bodaboda ni chakula cha nyumba, kwa mwenye V8 ni hela ya kuosha gari.

Na wewe unayempiga full za taa mwenzako kumwonya kwamba tochi iko mbele, umemsaidia kutembea vizuri mita mia tatu. Baada ya hapo anakanyaga kama kawaida, na kijiji kinachofuata hakina tochi.

Dhana: Nje kote wako salama

Hapana. Marekani ni tajiri kuliko wote na bado inapoteza watu kama 40,000 kwa mwaka barabarani, ukigawa kwa idadi ya watu ni mara tatu hivi ya Ujerumani. Pesa peke yake haiokoi.

Dhana: Lami ikiwa nzuri ajali zitaisha

Lami nzuri bila kingine ni mwaliko wa kukanyaga. Uswidi walikuwa na barabara pana nzuri watu wanagongana uso kwa uso wakiovateki, ugonjwa wetu uleule. Kuanzia 1998 wakajaribu kuweka waya wa chuma katikati, na upande mmoja unapata njia mbili za kuovateki kwa zamu, kipande hiki wewe, kipande kinachofuata yule anayekuja mbele yako. Vifo kwenye barabara hizo vikashuka kwa zaidi ya nusu.

Dhana: Ajali haina kinga, siku ikifika imefika

Nimesikia maneno haya kwenye misiba mingi na siwezi kumnyima mfiwa maneno ya kujifariji. Ila dereva hana haki ya kuyatumia. Helsinki ina watu karibu 690,000, na kuanzia Julai 2024 ilimaliza miezi 12 bila mtu hata mmoja kufa kwa ajali ya barabarani. Miaka ya 80 mji huohuo ulikuwa unazika kama watu 30 kwa mwaka. Zaidi ya nusu ya mitaa yake sasa ni 30, wamebana barabara, wamefunga kamera, wameweka vivuko ambapo watu wanaonekana vizuri. Mungu wa Helsinki ndiye huyuhuyu wa Korogwe.

Kijijini kwetu barabara kuu inapita katikati, shule upande huu, kisima upande ule. Nikiwa darasa la tano mtoto wa darasa la pili aligongwa na basi akitoka kuchota maji, dumu lake la lita tano la njano lilibaki limekaa wima katikati ya lami, halijamwagika, na mpaka leo sijui ilikuwaje. Siku ileile jioni wazazi wakaburuta magogo na mawe wakafunga barabara, foleni ikafika mbali, polisi wakaja, mabomu ya machozi, kesho yake wakafunga tena. Wakati ule sikujua kwamba kuna wazazi Uholanzi waliwahi kufanya vilevile.

Baada ya miezi miwili yakawekwa matuta, mawili kila upande wa shule, na kibao cha 30. Mjomba huwa anayalaani kila tukipita, anasema yanaharibu shokapu. Safari hii nilimwambia apunguze, akapunguza, na ikabidi tusimame kabisa maana watoto walikuwa wanavuka na madumu yao, hawana haraka, mmoja akatugeukia akatupungia mkono.